Viumbe na Mazingira: Vyura wa Nyika Wahesabiwa kwa Sikio

Wahenga walinena kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hiyo humwusia mtu asirudishwe nyuma na maneno ya walimwengu, na yeyote aliyewahi kulala karibu na bwawa wakati wa masika anajua kwa nini wahenga walimchagua chura. Hata hivyo wapo watu ambao kazi yao ni kuzisikiliza kelele hizo usiku, kuzitenga moja moja, na kuziandika katika daftari pamoja na saa, mahali na hali ya hewa. Hao ni wataalamu wa wanyama wanaochunguza aina za vyura katika hifadhi za taifa.

Kazi hiyo haina fahari machoni pa wengi. Mgeni aendaye mbugani hutaka kumwona tembo, nyati au pundamilia, wala hajapata kusikika mtu aliyelipa kiingilio ili amtazame chura. Lakini chura ana sifa mbili ambazo wanyama wakubwa hawana. Ngozi yake ni laini na yenye unyevu, nayo hupitisha maji na hewa. Kwa hiyo sumu iliyomo majini humfikia upesi. Tena maisha yake yamegawanyika sehemu mbili, kwa maana aina nyingi huanza majini zikiwa viluwiluwi na kumalizia nchi kavu. Maji yakiharibika ataumia, na ardhi ikiharibika ataumia vilevile. Tathmini ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2023, iliyohusu zaidi ya aina 8,000 za vyura na jamaa zao, ilionyesha kwamba karibu aina mbili katika kila tano zimo katika hatari ya kutoweka.

Watu wengi hudhani kwamba makao ya chura ni msituni, penye kivuli na unyevu wa daima. Kwa sababu hiyo mbuga za nyasi huhesabiwa kuwa mahali patupu. Dhana hiyo ina madhara yake, kwani ardhi inayodhaniwa kuwa tupu ndiyo inayotolewa kwanza pale panapohitajika shamba, barabara au mgodi.

MFANO WA UPEMBA

Mfano mzuri wa uchunguzi katika nchi ya wazi unapatikana kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika eneo lililoitwa jimbo la Katanga hadi lilipogawanywa mwaka 2015. Hifadhi ya Taifa ya Upemba iliundwa mwaka 1939, wakati nchi hiyo ilipokuwa koloni la Ubelgiji. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Bondeni mna ziwa Upemba na vinamasi vya mto Lualaba, kwenye mwinuko usiofika mita 600 juu ya usawa wa bahari. Juu yake ziko nyanda za Kibara, ambako nyasi hutanda kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi. Kati ya sehemu hizo mbili imo miombo, iliyokatwa hapa na pale na mabonde ya majani ambayo hujaa maji wakati wa mvua.

Kati ya mwaka 1946 na 1949, Mbelgiji aitwaye Gaston-François de Witte aliongoza msafara wa kuchunguza viumbe wa hifadhi hiyo. Alikuwa ameshafanya kazi kama hiyo miaka ya 1933 hadi 1935 katika hifadhi ya volkeno iliyo kaskazini, ambayo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Huko Upemba wakusanyaji walipita bondeni na nyandani, misituni na penye majani matupu. Kwa desturi ya kazi hiyo, kila mnyama aliyekamatwa huhifadhiwa katika spiriti na kufungiwa kibandiko chenye jina la mahali na tarehe. Bila kibandiko hicho chura ni nyama tu ndani ya chupa. Akiwa nacho ni ushahidi.

Kuwatambua wanyama hao kulichukua muda mrefu kuliko kuwakamata. Raymond Laurent alishughulikia vyura wadogo wa matete, wa jamii za Hyperolius na Afrixalus, na kitabu chake kikatoka mwaka 1957. Waliobaki walipelekwa kwa mabwana wawili wa makumbusho ya Chicago, Marekani: Karl Patterson Schmidt na Robert Inger. Schmidt hakujaaliwa kukiona kitabu chao. Mwezi Septemba 1957 aliumwa na nyoka wa mitini kutoka Afrika aliyekuwa akimchunguza, akaendelea kuandika dalili za sumu jinsi zilivyomwingia, na kesho yake akafariki. Kitabu kilitoka mwaka 1959, kikiwa na aina zilizokuwa hazijapata kuandikwa na wataalamu. Mojawapo imebeba jina la hifadhi hadi leo: chura wa majani mwenye miguu mirefu, Ptychadena upembae.

Vitabu hivyo viwili ni mfano wa daftari la deni. Mtu akitaka kujua leo kama nyika ya Upemba imepoteza kitu, sharti aanzie kwenye orodha iliyoandikwa kabla hajazaliwa.

KIANGAZI HUMFICHA CHURA

Mwenye kufika nyikani mwezi Julai akiwa na daftari lake atarudi na kurasa tupu. Katika nyanda za Katanga mvua huanza Oktoba au Novemba na kwisha Aprili. Miezi iliyosalia majani hukauka, moto hupita, na udongo hupasuka. Hata hivyo vyura hawakufa. Kila aina ina maarifa yake ya kungojea.

Yuko Hemisus, chura mwenye pua iliyochongoka kama mkuki, ambaye huchimba ardhi kwa kutanguliza kichwa, tofauti na wengi wanaotanguliza miguu ya nyuma. Jike lake hutaga mayai ndani ya chumba kilicho chini ya udongo na kukaa nayo mpaka mvua ije, kisha husaidia watoto kuyafikia maji. Yuko Breviceps, wa mviringo kama andazi, ambaye hana haja ya bwawa kabisa: watoto wake hukua ndani ya mayai yaliyofukiwa na kutoka wakiwa vyura kamili.

Wengine hutafuta hifadhi kwa majirani wakali. Huko Afrika Magharibi, chura mwekundu na mweusi aitwaye Phrynomantis microps hujificha kiangazi katika viota vya mchwa na vya siafu wakubwa wenye kuuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba ngozi yake hutoa kitu kinachowatuliza siafu hao wasimdunge.

Ajabu kubwa zaidi ni ya baadhi ya vyura wa matete, ambao hukaa juu ya mabua makavu, katika jua kali, mchana kutwa. Ngozi yao hugeuka kuwa nyeupe na kurudisha mwanga kama bati jipya, nayo huzuia maji ya mwilini yasipotee. Moto wa nyika unapokaribia, chura hao hawangojei kuuona. Katika hifadhi ya Comoé, nchini Ivory Coast, wataalamu waliwasikilizisha sauti ya moto iliyorekodiwa, nao vyura wakakimbilia penye majani mabichi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2002.

Fundisho lake ni wazi. Hesabu ya vyura iliyofanywa mara moja, katika msimu usiofaa, ni hatari kuliko kutokuhesabu, kwa sababu hutoa karatasi rasmi yenye neno "hakuna".

USIKU WA MVUA

Kazi yenyewe huanza jua linapotua, hasa siku ambazo mvua kubwa imenyesha. Wachunguzi huchagua mapema vituo vyao: kinamasi, bwawa la kudumu, dimbwi la msimu, ukingo wa mto, nyasi fupi, nyasi ndefu, na pale miombo inapokutana na uwanda. Kila kituo hupewa muda uleule na idadi ileile ya watu. Kama bwawa moja litatafutwa kwa saa mbili na watu wanne, na jingine kwa nusu saa na mtu mmoja, hesabu zake haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja.

Kwanza husimama kimya na kusikiliza. Katika vyura walio wengi dume ndiye mwenye kuita, na kila aina ina wito wake ili jike asipotee njia. Kassina senegalensis, ambaye hukimbia badala ya kuruka, hutoa sauti kama tone la maji linaloanguka mtungini. Vyura wadogo wa matete hugonga kama vikombe vya kioo. Phrynobatrachus, ambao wengi wao hawazidi kifundo cha kidole gumba, hukwaruza kama kidole juu ya meno ya kitana. Sikio lililozoezwa huweza kuzitenga aina kadhaa katika bwawa moja kabla kurunzi haijawashwa, na kinasa sauti huhifadhi ushahidi wa kuthibitishwa baadaye.

Kisha hufuata macho na mikono. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka chura sharti apige magoti matopeni, ainue majani, aangalie chini ya magogo, na atazame kwa makini majani yaliyokunjwa juu ya maji. Afrixalus hukunja jani na kuligandisha pande zake ili kuyafunika mayai yake, hivyo jani lililokunjwa peke yake laweza kuwa dalili. Juu ya matawi yanayoinamia bwawa hupatikana povu jeupe lililokauka kwa nje: hicho ni kiota cha chura wa mitini wa jamii ya Chiromantis, ambaye viluwiluwi wake hudondoka majini wanapokuwa tayari.

Kwa wale wasiolia na wasiopanda juu ya majani, mitego hutegwa. Ndoo hufukiwa ardhini mpaka midomo yake iwe sawa na udongo, na ukuta mfupi wa karatasi ya plastiki huelekezwa kwenye ndoo hizo. Chura anayetembea usiku hugusa ukuta, huufuata, na kutumbukia. Mitego hukaguliwa kila alfajiri bila kukosa, kwa sababu jua la saa nne huua kilichomo. Majini hutumiwa nyavu ndogo za mkono kwa ajili ya viluwiluwi, ambao huonyesha kwamba aina fulani ilizaa pale hata kama wazazi wameshaondoka.

Jambo la usafi halikubali mzaha. Mwaka 1999 wataalamu walieleza kwa mara ya kwanza kuvu aitwaye Batrachochytrium dendrobatidis, anayeshambulia ngozi ya chura na ambaye ameangamiza vyura katika mabara mbalimbali. Kwa hiyo mchunguzi husugua viatu na nyavu zake kwa dawa kabla ya kutoka bwawa moja kwenda jingine, ili asije akawa yeye ndiye mleta ugonjwa kwa wale aliokuja kuwahesabu.

WANAOFANANA

Ugumu mwingine ni kwamba vyura wa nyika hufanana mno. Vyura wa majani wa jamii ya Ptychadena wana mwili uliochongoka, mistari mgongoni, na miguu yenye nguvu za kustaajabisha. Huko Afrika Kusini, mwaka 1977, mmoja wao alipimwa akapita mita 10.3 kwa miruko mitatu. Mwenye kuwatazama kwa haraka huona aina moja pale penye nyingi. Nchini Rwanda, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu vyura hao katika ardhi ya majimaji ulipima umbo, sauti na chembe za urithi kwa pamoja, kwa kuwa umbo peke yake halikutosha kuwatenga.

Kwa vyura wa matete shida ni kinyume chake. Chura wa aina moja huweza kuwa na rangi mbalimbali, kijana akiwa wa kahawia, na mzima akiwa na mistari au madoadoa mekundu, manjano na meusi. Hapo mwenye haraka huandika aina tatu pale penye moja. Kati ya makosa hayo mawili, orodha ya hifadhi huweza kupunjwa au kutiwa chumvi bila mtu yeyote kusema uongo.

Basi mchunguzi atajuaje kwamba amemaliza? Huchora mstari katika karatasi. Usiku wa kwanza kila jina ni jipya, na mstari hupanda kwa kasi. Usiku wa kumi majina mapya ni machache, na mstari hulala. Ukilala kwa muda mrefu, yapo matumaini kwamba walio wengi wameandikwa. Ukiwa bado unapanda siku ya kurudi nyumbani, ni wajibu wake kusema katika taarifa kwamba kazi haijakamilika.

ANAYEHESABIWA HUKUMBUKWA

Umuhimu wa hesabu hizo ulidhihirika katika nchi jirani ya Tanzania. Mwaka 1996, wakati wa maandalizi ya bwawa la umeme la Kihansi, aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyezidi sentimita 3, ambaye huzaa watoto walio kamili. Aliishi katika majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, eneo lenye hekta chache tu, na hajaonekana mahali pengine popote duniani. Mwaka 2000 maji yalielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa, na katikati ya mwaka 2003 hesabu ilionyesha vyura wapatao 20,000. Kufikia Januari 2004 walionekana watatu tu. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Hakupotea kabisa, kwa sababu mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa na kuzalishwa, na mwaka 2012 uzao wao ukaanza kurudishwa Kihansi. Lakini yafaa kujiuliza ingekuwaje kama bwawa lingejengwa kabla ya mtu kupita pale na kurunzi. Chura huyo angekufa bila jina, na hakuna hata mmoja ambaye angejua kwamba kuna kilichopungua.

Upemba nayo imepita katika miaka migumu ya vita na ujangili, na mwaka 2012 mkuu wa askari wa hifadhi hiyo aliuawa akiwa kazini. Penye risasi hakuna mtu atakayekesha bwawani na kinasa sauti. Mlinzi wa hifadhi, kwa hiyo, hamlindi pundamilia peke yake. Analinda pia uwezekano wa kujua.

FAIDA KWA MWENYE NYUMBA

Huenda mama wa nyumbani akauliza hayo yote yanamhusu nini. Jibu limo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu nchi za Costa Rica na Panama, ambako kuvu aliyetajwa hapo juu aliangamiza vyura wengi kuanzia miaka ya 1980. Wataalamu walilinganisha mwaka ambao vyura walitoweka katika kila wilaya na hesabu za wagonjwa katika vituo vya afya. Waligundua kwamba baada ya vyura kwisha, wagonjwa wa malaria waliongezeka kwa miaka kadhaa. Maelezo yao ni kwamba vyura na viluwiluwi hula wadudu, na palipo na vyura wachache mbu hupata nafasi ya kuongezeka.

Shule au jamaa yoyote iliyo karibu na bwawa yaweza kuanza hesabu yake bila gharama kubwa. Kinachotakiwa ni daftari, saa na kurunzi, pamoja na mtu mzima wa kuwaangalia watoto wasikaribie maji yenye kina wala majani yenye nyoka. Wasikilize mahali pamoja, saa ileile, kwa dakika kumi, mara moja kila wiki tangu mvua ya kwanza hadi ya mwisho. Sauti ambayo jina lake halijulikani ipewe jina la nyumbani: "mgonga kikombe", "mkwaruza kitana", "tone la mtungi". Tarehe iandikwe, na mvua iandikwe, hata kama hakuna kilicholia. Vyura wasishikwe bila sababu, na atakayewashika anawe mikono vizuri kabla ya kugusa macho au chakula, kwani ngozi za baadhi yao zina sumu. Viluwiluwi wasihamishwe kutoka bwawa moja kwenda jingine, hata kwa nia njema.

Daftari la mwaka mmoja litaonyesha machache. La miaka kumi litaweza kumwambia mwalimu, mganga na mkulima kama bwawa lao lingali hai, na sauti ipi imenyamaza, na tangu mwaka gani.